Kilichokosa Mlio

Lusajo alishuka na ditekta yake kutoka Chunya,
imefungwa kwenye khanga kama mtoto mgonjwa,
kishikio kimekazwa kwa mpira wa baiskeli.
Huko ilimpa dhahabu ya kununulia pikipiki,
kisha ikamnyamazia mwaka mzima.
Huku Gongo la Mboto, akasema, dhahabu hakuna,
ila yupo mzungu Masaki ananunua vifungo vya vita,
ananunua hata kutu, mradi iwe na tarehe.

Shamba ni la Bi Chausiku Pazi.
Alitupokea na jembe mkononi:
"Chimbeni. Mihogo yangu msiiguse.
Na mkikuta mtu, mfukieni palepale,
sitaki polisi, sitaki maiti wa kuhesabiwa."
Watu husema palikuwa na kambi hapa,
mateka ndani ya seng'enge, wapagazi nje yake,
vita ile ya kwanza, au ile ya pili;
kila mtu ana vita yake, karatasi hana.

Saa moja asubuhi, umande bado umekalia matembele,
nikavaa hedifoni. Ardhi ikaanza kusema.
Tii: kizibo cha soda.
Tii: kizibo cha bia.
Tii-tii: bati la choo kilichoanguka mvua za Elinino.
Ndege ikapita juu yetu kwenda kutua,
mashine ikapiga yowe kama imeibiwa.
Tukasubiri. Tukaendelea.

Kufika saa tano tulikuwa na misumari minne,
bizimu ya mkanda yenye taji lililolika upande,
na kijiko.

Kijiko kilikuwa kimepinda shingo.
Mgongoni mwake mtu alikwaruza mistari,
mitano mitano, kama muuza maji anayehesabu madebe ya mkopo,
mpaka thelathini na nane. Halafu basi.
Lusajo akasema: aliachiwa.
Mimi nikasema: alipata kijiko kingine.
Tulichokwepa kukisema
tukakifutia kwenye suruali pamoja na udongo.

Ndipo nikauliza, jua limeshaniingia kichwani:
na hawa waliobeba mizigo, mlio wao uko wapi?

Lusajo akazima mashine kuokoa betri.
"Hii inasikia chuma. Mfupa haisikii.
Mateka alikuwa na kifungo, bizimu, kijiko.
Yule mwingine alikuwa na nini?
Kitambaa kiunoni, kata ya majani kichwani,
kibuyu, na jina.
Vyote hivyo mchwa alishamaliza."

Babu wa mama yangu aliondoka Maneromango na kata tu.
Kaburi hatukupata, wala siku ya kumsomea hitima.
Jina lake tulimpa mjomba, Mwinshehe,
naye akalimalizia kwenye madeni.

Nikaiwasha tena. Nikaipitisha taratibu
juu ya tuta lisilokuwa na kitu.
Ikanong'ona ule mnong'ono wake,
kama redio baada ya stesheni kufunga.
Hatua ishirini, kimya.
Nikarudi nikazihesabu upya. Ishirini.
Lusajo alinitazama, akatema mate pembeni,
lakini hakunicheka.

Mchana Bi Chausiku akaleta mihogo ya kuchemsha na chumvi ya mawe.
Akachagua misumari miwili iliyonyooka,
ya mlango wa banda la kuku, akasema, hiyo ndiyo kodi.
Bizimu Lusajo aliifunga kwenye leso.
Kijiko akakitafuta mfukoni, akakitafuta kwenye beseni,
akanitafuta na mimi usoni.
Nikamwambia huenda kimerudi kwenye udongo.

Na kweli kilikuwa kimerudi.
Nilikizika katikati ya zile hatua ishirini,
kina cha kiganja, mistari ikitazama juu.
Atakuja mwingine na mashine nzuri kuliko hii,
atasikia tii, atapiga magoti, atachimba,
atadhani amempata mfungwa.
Atakuwa amekosea mtu.
Magoti atakuwa amepiga mahali penyewe.